Pini Kwenye Nyonga ya Staa

Siku tuliyomzika mdogo wangu, nilimchoma staa mmoja kwa pini ya kushonea.

Nilimchoma kwenye nyonga, mbele ya watu, tukiwa tumekumbatiana. Pini ilizama yote, kikabaki kichwa chake tu, kile chekundu.

Hakushtuka.

Aliendelea kulia begani kwangu, na mpiga picha wake aliendelea kutuzunguka na kamera.

Najua utasema msiba ulinichanganya. Labda. Lakini kabla hujanihukumu kaa nikusimulie, maana imepita miezi minane na nimeanza kuisahau sauti ya mdogo wangu. Naandika nisije nikasahau na yaliyobaki.

Mimi ni fundi cherehani. Nina chumba cha mbele kinachotazama barabara: cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa chini, na pazia la wateja kujaribia nguo. Nyuma ya ukuta ndiko tulikoishi, mimi, Mama na mdogo wangu.

Mdogo wangu tulimwita Rula. Marehemu Baba ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu tangu utotoni hakuweza kuona kitu asikipime. Urefu wa meza. Upana wa mlango. Hatua kutoka jikoni hadi bombani. Mimi nikiwa nimekaa na kitambaa nakuna kichwa, yeye anakitupia jicho mara moja tu.

"Dada, hapo zinatoka sketi mbili na mkanda. Anza kukata kushoto."

Na zilikuwa zinatoka kweli.

Alitaka kuwa mpima ardhi. Alishapata nafasi chuoni, na barua ya chuo Mama aliitia kwenye plastiki kama cheti cha ndoa.

Halafu akaingia Keki.

Keki si jina lake. Nimelibadilisha, si kwa kumwonea huruma, ila kwa sababu wako wengi na ukimjua mmoja umewajua wote. Anaimba kidogo, anaigiza kidogo, lakini kazi yake hasa ni kugeuka. Anasimama mbele ya kamera, anageuka taratibu, watu wanapiga mayowe. Basi, kazi imekwisha.

Mashabiki wake wanajiita Vipande. Wasichana wazima, wenye akili zao na vyeti vyao, wanajiita vipande vya keki ya mtu.

Rula alikuwa mwenyekiti wa Vipande wa mtaa wetu.

Nilianza kuona mabadiliko kwenye futi kamba yangu. Kila asubuhi naikuta si pale nilipoiacha. Siku moja nikafunga mlango wa chumba chetu, nikaona nyuma yake safu ya namba za penseli. Alikuwa anajipima. Nyonga, inchi thelathini na nne. Kesho yake thelathini na nne. Wiki nzima thelathini na nne. Juu kabisa ya mlango alikuwa ameandika namba moja na kuizungushia moyo: arobaini na sita.

Hiyo ilikuwa namba ya Keki. Aliitaja mwenyewe kwenye mahojiano, akacheka, akasema, "Mimi ni kazi ya Mungu tu."

"We Rula," nikamwambia, "unajipima kama kiwanja?"

"Niache dada. Shuleni waliniita Rula kwa sababu nimenyooka mbele na nyuma. Unadhani nilikuwa nafurahi?"

"Si Baba ndiye aliyekuita."

"Baba hakuwa anasoma na wale wasichana."

Nikamuuliza habari za chuo.

"Mwakani. Kwanza nipate jina. Hebu dada, nitajie mpima ardhi mmoja anayejulikana. Mmoja tu."

Nikafikiri. Sikupata hata mmoja.

"Umeona?" akasema, akarudi kwenye simu yake.

Hapa niseme jambo moja kuhusu kazi yetu. Fundi mama aliyenifundisha alikuwa na sharti moja kubwa kuliko yote: kipimo cha mteja hakitoki nje ya pazia. Hata akiwa adui yako, hata ukiulizwa na mama yako mzazi. Sharti hilo nimelishika miaka kumi na moja na ndilo lililonipa wateja wakubwa. Nilikuwa na mteja mmoja niliyemfuata kwake na mfuko wangu, mlango unafungwa, msaidizi wake anasimama nje.

Kazi za mteja huyo nilizificha chini ya meza ya kukatia. Siku moja Rula alikuwa anatafuta mkasi, akaibuka na vipande viwili vya sponji nilivyokwisha kuvichonga.

"Dada, hizi za nini?"

"Mito ya viti," nikajibu bila kumtazama.

Akavipima kwa macho, kama kawaida yake.

"Viti gani vya mviringo hivi?"

"Viti vya watu wenye pesa. Rudisha."

Akarudisha. Laiti angebisha.

Mwezi uliofuata, Alhamisi asubuhi, Rula alirudi nyumbani akitembea kama aliyekanyaga miiba. Alisema ameteleza. Alilala kifudifudi kwenye godoro nililomtandikia karibu na cherehani yangu ya pili, na nilipomwambia akae anywe chai, akasema anakunywa hivyo hivyo.

Nilikuwa na kazi ya kumaliza siku hiyo. Nikashona huku yeye anaugulia. Namwambia, "Vumilia kidogo, nikimaliza hii nakupeleka." Nikiiandika hapa inaonekana ni sentensi ya kawaida tu. Sivyo.

Mchana alikuwa anachemka. Nilipofunua shuka niliona yale matundu, matatu kila upande, na ngozi imekuwa ya zambarau.

"Nani kakufanya hivi?"

"Mtaalamu mmoja wa sindano za kuongeza nyonga. Nyuma ya saluni. Hakunitoza kitu, dada. Alitaka tu picha yangu ya kabla na ya baada, aziweke kwenye ukurasa wake."

Halafu akasema neno ambalo linanichukiza mpaka leo, si kwa sababu yake, kwa sababu ya nilichokuwa nimepakata.

"Keki ana bahati. Za kwake kazaliwa nazo, ndiyo maana haziumi."

Nilikuwa nimepakata sponji.

Hospitali walimuuliza kadungwa nini, hakujua. Daktari alinivuta pembeni akanieleza kwa upole kwamba sumu imeshaingia kwenye damu. Mama alikuwa kwenye benchi anakunja na kukunjua kanga yake.

Jumamosi nilikaa naye wodini. Midomo imekauka, lakini akili iko pale pale. Nikaona sharti la fundi liende zake.

"Rula. Keki hana arobaini na sita. Ana thelathini na tano. Nampima mimi."

Akanitazama.

"Nachonga sponji kwa kisu cha mkate. Nalainisha pembeni mpaka iwe nyembamba kama karatasi, ili mstari usionekane anapogeuka. Naishona ndani ya taiti. Ile namba aliyoitangaza ni kipimo cha taiti yangu."

Akafumba macho. Nilidhani amelala.

"Ile mito ya viti?" akauliza.

Nikatikisa kichwa kukubali.

Hakunitukana. Hakulia. Aligeuza uso ukutani, na hilo ndilo lililokuwa neno lake la mwisho kwangu, swali la mito ya viti. Alfajiri alikuwa ameondoka.

Picha ya kabla ipo mpaka leo kwenye simu yake, amesimama wima anacheka. Ya baada ni ile tuliyobandika juu ya jeneza.

Nisikufiche. Nilikuwa naona fahari. Keki akigeuka, watu wakipiga mayowe, mimi nikiwa nyumbani nilikuwa natabasamu peke yangu kama mama aliyefaulisha mtoto. Najichukia kwa lile tabasamu kuliko hata kwa uongo wenyewe.

Sasa turudi msibani.

Keki alikuja kwa sababu aliyefariki alikuwa mwenyekiti wa Vipande. Alivaa nyeusi, ya kubana. Naijua, niliishona mwezi wa nne. Vipande walimzunguka wakilia, nusu kwa msiba, nusu kwa kumwona. Msichana mmoja, macho bado yamelowa, alinyoosha mkono akamgusa nyonga harakaharaka, kama anayegusa kitu kitakatifu.



Keki akapiga magoti mbele ya Mama, akamwaga machozi. Mpiga picha akainama.

"Samahani mama, jua limeingia kwenye kamera. Turudie kidogo."

Na Mama yangu, ambaye hajawahi kumkatalia mgeni, akanyoosha tena mikono akumbatiwe mara ya pili.

Kisha ikawa zamu yangu. Keki alinikumbatia kwa nguvu, akaninong'oneza sikioni:

"Pole sana dada. Ile ya Jumamosi umemaliza? Uongeze kidogo, wanasema nimekonda."

Fundi hakosi pini kwenye nguo yake. Yangu huwa kifuani, upande wa kushoto. Mkono ulikwenda wenyewe. Mengine unayajua.

Nilitaka apige kelele. Nilitaka wale wasichana waione imesimama pale, wajiulize kwa nini haumii. Hakuna aliyeiona. Aliondoka nayo kwenye gari akiwapungia mkono.

Jioni hiyo simu ikalia. Keki.

"Dada, umesahau pini kwenye nguo yangu. Nimeikuta navua. Kuwa makini jamani, siku nyingine utaumiza mtu."



Sikumshonea tena. Ile kazi ya Jumamosi haijakwenda kwake, imening'inia kwenye msumari ndani ya pazia langu. Akija msichana na simu mkononi akasema, "Fundi, nataka nionekane hivi," simhutubii. Namvuta nyuma ya pazia, nampa ile taiti.

"Shika. Bonyeza."

Anabonyeza. Sponji inaingia ndani, inarudi.

Wengine hucheka. Wengine huitazama picha kwenye simu, kisha taiti, halafu huzima simu. Juzi mmoja alikaa akalia, nikamwacha alie.

Wewe unayesoma, kama unajua kinachomshikilia juu yule mtu anayeabudiwa na mdogo wako, hata kama unalipwa kukaa kimya, mwambie leo akiwa bado anaweza kukubishia. Mimi nilimwambia wodini.

Ule mlango wetu sijaupaka rangi. Namba zake bado zipo, thelathini na nne, thelathini na nne, thelathini na nne, zimepangwa kwa mstari ulionyooka kabisa, bila rula.