Bingwa Asiye na Mkono wa Kushoto

"Tuwekeane dau, hakuna atakayeniamini." Kinyozi huanza hivyo kila akimfunga mteja kitambaa shingoni, mkasi ukilia hewani kabla haujagusa nywele. Halafu humshukia yule bondia anayeitwa bingwa wa mabingwa. Bingwa gani? Alipigana na wachovu. Miguu anayo, sawa, lakini mkono wa kushoto hana, ni pambo tu. Yeye kinyozi anajua, maana ujanani aliwahi kupanda naye ulingoni kwenye mazoezi, akamtoa jasho kwelikweli. "Alihangaika kuniinua pale chini, maskini, mpaka nikamwonea huruma!" Hucheka kuwashinda wateja wote, na taya lake hulia ko! kila akipanua kinywa. Juu ya kioo kuna picha yake amevaa glavu. Ameapa kwamba siku akishindwa ubishi huu ataibandua, aweke ya bingwa.

Jana kitini alikuwa shemeji yake, muuza nyama, nusu ya kichwa imeshanyolewa. "Shem, kushoto hana kabisa?"

"Hana! Kama mkia wa mbuzi, upo upo tu."

Shemeji akanyanyua mkono wa kushoto ajikune sikio. Kufumba na kufumbua, kinyozi yuko chini ya sinki, amekumbatia taya lake.

"Shem, vipi tena?"

"Natafuta kitana."

"Si hicho umekishika?"

Akatoka taratibu, akajipangusa magoti, akabandua picha yake.

"Mkono wa kushoto anao," akasema. "Hapo nilikosea."