Kengele ya Mtu wa Mwisho

Anayeongoza msafara wa baiskeli hawaoni anaowaongoza. Hilo sikulijua mpaka nilipopewa kazi hiyo. Nilidhani kiongozi ni mtu mwenye watu. Kumbe ni mtu mwenye barabara tu, vumbi jekundu mbele yake na sauti nyuma yake.

Katika miaka ya hamsini nilikuwa mwalimu kijana kwenye shule ya misheni, milimani juu ya mji wa Mbeya. Kwetu ni Iringa. Wanakwaya wa kanisa lile, wengi wao Wanyakyusa, waliongea kwao wao kwa wao, na Kiswahili walikitoa wanaponisemesha mimi, kama watu wanaompa mgeni kiti kisha wakaendelea na mazungumzo yao. Sauti ya kuimba sikuwa nayo. Nilikuwa na baiskeli yenye breki zinazoshika, na nilikuwa mkali. Mkuu wa kwaya aliponiuliza kama ningewaongoza njiani, kila wanapoalikwa kuimba kwenye harusi na misiba ya mbali, nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Sheria zetu zilikuwa chache. Tulipanda mmoja nyuma ya mwingine, upande wa kushoto. Mtu asimpite kiongozi, na mteremkoni asimpite kabisa. Nikiona mchanga au shimo nilipiga kengele mara moja, na kila mtu alimpigia aliye nyuma yake, hadi mwisho. Mara mbili ilikuwa ni kusimama. Ujumbe ukimfikia mtu wa mwisho, yeye alijibu kwa mlio mrefu, nami nikiusikia nilijua hatujamwacha mtu. Kazi yake nyingine ilikuwa nzito kuliko zangu zote. Lori likija kutoka nyuma, yeye ndiye wa kulisikia kwanza, naye alipiga kengele bila kukoma mpaka sote tumeingia pembeni kwenye majani.

Mtu wetu wa mwisho alikuwa fundi seremala wa misheni, umri wa baba yangu. Katika kwaya aliimba besi, na kengele yake nayo ilikuwa ya besi, kubwa, imechakaa, yenye mlio mnene uliofika mbele hata wakati wa upepo.

Yeye alikuwa rafiki yangu wa pekee kule, na njiani hatukuwahi kupanda pamoja. Kati yetu palikuwa na kwaya nzima. Lakini penye tambarare, pasipo na shimo wala kona, Fundi aliigonga kengele yake kwa ukucha, ti, ti, taratibu. Haikuwa ishara ya kitu; amri ya kusimama ilianzia kwangu, haikutoka nyuma. Nami niligonga yangu vilevile.

"Wazee wanasalimiana," walisema wanakwaya, wakicheka, ingawa wengi wao walinizidi umri.

Kuna siku ambazo hiyo ndiyo salamu pekee niliyoipata iliyokuwa yangu mimi, isiyomtafuta mwalimu wala kiongozi.

Mwaka mmoja tulialikwa Iringa, baada ya mavuno. Ilikuwa safari ya siku kadhaa, kulala misheni hadi misheni. Nilimwambia Fundi kwamba tukifika, wengine watalala shuleni, yeye nitampeleka nyumbani kwa mama.

"Atanipikia nini?"

"Ugali, na majani ya maboga ya karanga."

"Na ule ulanzi wenu wa mianzi?"

"Fundi! Wewe mwanakwaya."

"Mwanakwaya ana koo, mwalimu. Koo hukauka."

Tangu siku hiyo nilianza kuiona nyumba yetu kwa macho yake: mlango ambao angeucheka kwa jinsi ulivyochongwa vibaya, stuli ambayo angekalia. Sikuwahi kumleta mtu nyumbani. Mama alikuwa ameacha kuuliza.

Kabla ya safari hiyo tulikwenda Chimala kwenye harusi. Tuliposhuka mteremko wa Inyala, lori la mpunga lilitupita. Sikusikia kengele. Nilisikia ghafla ngurumo yenyewe, nikaona ubavu wa lori karibu na kiwiko changu, halafu vumbi, na ndani ya vumbi mtu akipiga kelele. Mmoja wa sauti ya kwanza alikuwa ametumbukia mtaroni. Tulimtoa akiwa amechubuka goti, shati limepasuka begani.

"Fundi, ulilala?" walimwuliza.

"Nilikuwa ninawaombea," alisema. "Mnaona mmepona."

Wakacheka sana. Yeye pia alicheka, akiwatazama midomo mmoja mmoja.

Tulipofika Chimala, wenyeji walituita tule wali. Fundi alibaki nje, amechuchumaa, akijaza upepo gurudumu la nyuma. Nilisimama nyuma yake na baiskeli yangu, nikapiga kengele. Mbuzi aliyekuwa akilamba ukuta akaruka. Fundi aliendelea kupampu. Nikapiga tena, mlio mrefu. Aliendelea. Kilichomgeuza ni kivuli changu, kilipoangukia mikono yake.

"Umepiga?" aliuliza.

"Nimepiga."

Alifunga kifuniko cha valvu polepole, akajifuta mikono.

"Sauti ya mtu wa karibu naisikia kidogo, mwalimu, kama kuna ukimya; kengele siisikii. Njiani namtazama aliye mbele yangu. Kidole gumba chake kikisogea, najua umepiga, nami najibu."

"Na lori halina kidole gumba."

"Halina."

Niliogopa kuuliza, nikauliza. "Na salamu zetu?"

"Sijazisikia tangu masika." Alinitazama usoni. "Nilikuwa nagonga tu. Nilijua utajibu."

Nilimwambia apande wa pili, nyuma yangu, nimwonyeshe kwa mkono. Alikataa. Mtu wa mwisho akihamia wa pili, watu watauliza, na wakishajua, kesho watamtoa kwenye besi, kesho kutwa wataanza kumwogopea na msumeno. Nikamwambia asingizie magoti. Akasema wanamwona kila siku akipanda kilima na mbao begani.

"Niache mpaka Iringa," alisema. "Nikirudi, nishushe."

Nilitazama ndani. Aliyechubuka alikuwa akila kwa mkono mmoja, mwingine amekinga nao goti, akiwachekesha wenzake. Alikuwa na mke na watoto wadogo. Nilifikiria mlango wetu uliochongwa vibaya.

"Hapana, Fundi," nikasema.

Aliigusa kengele yake, akaisugua kutu kwa kidole.

"Basi waambie umenitoa wewe," alisema mwishoni. "Sema nimezeeka, nawachelewesha. Wewe mgeni, na ukali wako wanaujua. Hawatashangaa."

Hawakushangaa. Nilipowatangazia kwenye ukumbi wa misheni, mmoja akasema kwa sauti ya kutosha, "Mhehe huyu! Mbwa mzee hata kwao hawamtupi, wanamla." Wakati mwingine ningemjibu kwamba Mnyakyusa akikosa ndizi hulia, na tungeishia kwenye kicheko, maana ni utani wa kawaida. Siku hiyo haukuwa utani. Fundi alikuwa amekaa nyuma kabisa, akitazama midomo yetu.

Asubuhi ya kuondoka kwenda Iringa alisimama kwenye geti la misheni. Alikuwa amefungua kengele yake na kumfungia aliyechukua nafasi yake, lakini kijana yule alikwisha kununua yake mpya, akamrudishia. Niliiona mkononi mwa Fundi tulipopita. Alituhesabu kwa macho, akanipungia mimi wa kwanza, akaendelea kupunga hadi wa mwisho.

Safari ilikwenda vizuri. Mtu wa mwisho mpya alikuwa na masikio kama ya sungura. Malori yalipita na sisi tukiwa tayari majanini, tumeshika baiskeli zetu. Kila nilipopiga, jibu lilikuja upesi, jembamba, kali. Nyuma yangu waliimba. Mimi niliwakatia upepo, na hakuna aliyenisemesha zaidi ya kuuliza tutapumzika wapi.

Tulipopita Sao Hill, barabara ilinyooka katikati ya majani makavu. Baridi ilikuwa imetulia, mbingu pana, pasipo na shimo wala kona. Nyumbani palikuwa mbele. Sikufikiri. Ukucha wangu wenyewe uligonga kengele, ti, ti.

Nyuma yangu kengele zikaitikia moja baada ya nyingine, mbilimbili, zikikimbia kuelekea mwisho, breki zikalia, wimbo ukakatika. Nilipogeuka, kwaya nzima ilikuwa imesimama kwa mstari, upande wa kushoto, kila mtu mguu mmoja chini, kama nilivyowafundisha.

"Kuna nini, mwalimu?" aliuliza aliye nyuma yangu.

Niliwatazama mpaka mwisho wa mstari.

"Hakuna kitu," nikasema. "Twendeni."