Riwaya Niliyoisoma Bila Miwani

Mimi ni mwalimu mstaafu, na hapa Kimulot watu huniamini kupita kiasi. Kila alasiri, tukingoja lori la majani chai kwenye kituo cha kupimia, huwasomea wakulima wenzangu riwaya kwa sauti, kisha kila mtu anatoa maoni yake.

Mwezi uliopita ng'ombe wangu alikanyaga miwani. Mtu mwenye akili angesema hivyo tu. Mimi nilipapasa rafu, nikachukua kitabu kimoja, maana vyote nimevifunika kwa karatasi ya khaki kama vya shule, nikaenda kituoni kusoma kutoka kichwani. Nikambuni Selina, msichana anayependwa na wanaume wawili. Kurasa nilikuwa nafungua, ili ionekane nasoma.

Kwa wiki mbili kituo kizima kiligombana juu ya Selina. Halafu juzi jirani yangu, Mama Achieng, akauliza, "Mwalimu, si huyu Selina alikuwa yatima? Leo mamake ametoka wapi?"

"Shida yenu hamsomi kwa makini, mama," nikamjibu mbele ya watu.

"Basi niazime nisome kwa makini."

Ningekataaje? Jana alirudi, akasimama kando ya mizani na kufungua kitabu.

"Mwalimu, Selina nimemtafuta mpaka ukurasa wa mwisho. Nimepata tu vile ng'ombe huoshwa matiti kabla ya kukamuliwa."

Hakuna aliyecheka. Mzee Koech alinitazama kwa huruma, akavuta gunia lake la majani karibu nami, akaketi juu yake.

"Sawa, hicho kitabu wachana nacho," akasema. "Tuambie, ameolewa na nani?"