Redio Iliyovaa Kitambaa

Baraza ya Mama Henriette, katika kambi ya zamani ya wafanyakazi kule Panda, siku hizi iko kimya. Hakuna tena krrr-krrr ya alasiri, wala kicheko cha mjane huyo akimenya mihogo.

Watu wa barabara yao, iliyo bondeni kando ya mto, ndio waliomtuma sokoni akachague redio ya dharura. Mvua zikichacha umeme hukatika, simu huzima, na habari ya mafuriko huwafikia maji yakiwa tayari kitandani. Mama alizipita redio zenye taa za rangi na spika kubwa kama vichwa vya ng'ombe, akarudi na kidude cha kijivu cha kuzungushwa kwa mkono.

"Mama, umetuletea mashini ya kusaga kahawa," alisema jirani yake Athanase, fundi wa kuchomelea vyuma.

"Basi saga, baba. Mupira inaanza."

Akakivika kitambaa cheupe cha kufuma, kama zinavyovikwa televisheni za watu wenye heshima. Nani angethubutu kufunua ufumaji wa mjane? Sheria ilikuwa moja: anayesikiliza, azungushe. Wanaume walipokezana mechi baada ya mechi, wakililaani soko zima.

Kisha mawingu yakafunga, kutwa kucha. Umeme ukafa. Asubuhi moja mvua ilipokataa kupungua, Athanase alikuja barazani bila kuitwa, akaanza kuzungusha. Mtangazaji akautaja mto wao: unapanda, wa bondeni waondoke. Wakabeba watoto, magodoro na mbabula, yale majiko ya makaa, hadi ukumbi wa parokia, juu kilimani. Maji yalikuta nyumba tupu.

Huko ukumbini, Mama alipovua kitambaa kilicholowa akikamue, Athanase aliona kibao cheusi mgongoni mwa redio.

"Mama Henriette. Hii kintu iko na plake ya umeme wa jua."

"Iko nayo."

"Mikono inatuuma mwezi muzima, na weye ulijua?"

Mama alikikunguta kitambaa, akatazama dirisha lililojaa mvua.

"Na jua iko wapi, baba?"

Mkono wa Athanase ulikuwa umekwisha kurudi kwenye kuzungusha.

Redio sasa inakaa kwa Athanase. Mama Henriette amehamia Mwadingusha kwa bintiye Gaëlle, katika nyumba inayotazama mto Lufira.