Chupa Mia Nne Zisizo na Lebo

Alinyimwa shahada ya uzamili kwa kosa la mtu mwingine, na mtu huyo ndiye aliyetia sahihi barua ya kumnyima.

Nyumbani walimwita Mama Wadudu, ingawa mtoto hakuwa naye. Miaka mitatu aliingia mtoni hadi magotini, chini ya kiwanda cha ngozi, akichota vidudu vya maji kwa wavu na kuvihifadhi katika chupa za spiriti. Vidudu hivyo ndivyo vingeonyesha mto ulianza kufa wapi, na lini. Ndani ya kila chupa alitumbukiza kikaratasi cha penseli chenye mahali na tarehe. Chupa zilifika mia nne na kumi na mbili.

Wageni wa wafadhili walipokaribia, Profesa, msimamizi wake, alipita akikagua rafu.

"Dada, hii ni maabara au chekechea? Ondoa makorokoro haya ya penseli. Chapa lebo za kompyuta, na chupa zipangwe kwa ukubwa, zipendeze."

"Profesa, spiriti italamba wino. Penseli haing'oki."

"Siku hizi wewe ndiye unayenisimamia?"

Akachapa, akazitumbukiza chupani. Vikaratasi vya penseli vikaenda na taka. Wageni wakasifu, wakapiga picha, wakaondoka. Baada ya wiki mbili spiriti ilikuwa imegeuka samawati, na lebo zilikuwa nyeupe pe. Hakuna aliyeweza kujua chupa ipi ilitoka wapi.

Mbele ya jopo la watahini, Profesa aliuita huo uzembe wa mwanafunzi. Fundi wa maabara, aliyesikia kila neno siku ile, alikagua viatu vyake. Baadaye alimfuata ukumbini.

"Nisamehe, mwanangu. Nimebakiza mwaka mmoja nistaafu."

"Basi staafu salama, mzee wangu."

Nyumbani mama yake alimwekea chai, ikapoa.

"Si urudi mtoni uanze upya?"

"Nikachote nini, mama? Sasa hata viluwiluwi hamna. Waliobaki walikuwa ndani ya chupa zangu."

Mama aliondoa kikombe. Tangu hapo binti yake anafundisha sekondari, na njia ya kwenda kazini ameichagua ile isiyovuka daraja.

Tarehe 6 Machi 2023, waraka ulibandikwa kwenye mlango wa maabara ile: lebo zote za ndani ya chupa ziandikwe kwa penseli, bila kisingizio. Umetiwa sahihi na Profesa.