Ngamia wa Kinu cha Ufuta

Nyumbani kwetu Makorora, pambo la Majilio halikutundikwa ovyo. Baba alikata tawi la mvinje, akalisimamisha sebuleni ndani ya debe la mchanga, na kila Jumapili hadi Krismasi sisi watoto tulitundika vitu tulivyotengeneza kwa mikono yetu: safina ya kifuu cha nazi, nyota ya ukindu, samaki wa Yona aliyejazwa sufi. Sharti lilikuwa moja tu. Kisichokuwamo Kitabuni hakipandi mtini.

Mwamuzi alikuwa Bibi, mama yake Baba, aliyehamia kwetu kutoka Bonde. Na alikuwa mwamuzi haswa! Macho yake yalikwisha kufunikwa na mtoto wa jicho, haoni ila mwanga na kivuli, basi alihukumu kwa vidole. Alikipapasa kitu huku kakunja uso kama anayechagua nyanya sokoni, kisha akakuuliza hadithi yake. Mwaka uliotangulia nilimpelekea paka wa katani, mzuri ajabu, ana masharubu, nikasema ni wa safina ya Nuhu. Akampapasa mkia, akacheka.

"Mke mwenzangu, paka hamo Kitabuni. Mpeleke jikoni akatukamatie panya."

Paka wangu akaning'inia jikoni mwaka mzima, moshi ukamgeuza mweusi tititi, na kaka yangu hakupita pale bila kumwamkia, "Shikamoo, nahodha wa safina!" Usiniambie ni mambo ya kitoto. Mimi nililia. Nikaapa kwamba safari ijayo pambo langu litapanda, tena juu kabisa kileleni, kaka ainue shingo ndipo alione.

Nikachagua ngamia wa mamajusi. Simba wa Danieli watoto wenzangu walimbuni tu, lakini ngamia mimi nilimjua kwa macho yangu. Mtaa wa pili palikuwa na kinu cha mafuta ya ufuta, na ngamia mmoja akikizungusha kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Mama akinituma mafuta, nilisimama pale nikimtazama mpaka naisahau chupa mkononi.

Jirani yetu, mama wa Kiislamu, bingwa wa kusuka mikeka, alinifundisha kukaza katani juu ya njiti za makuti hadi miguu ikasimama yenyewe. Nundu tukaijaza sufi, shingoni tukamfunga kamba. "Krismasi yenu hii itanimalizia vitu vyangu," akalalamika, na huku ananikatia kipande cha khanga yake kuukuu ya kisutu kwa ajili ya macho.

Naam, kwa ajili ya macho. Ngamia wa kinu alifungwa kitambaa usoni asishikwe na kizunguzungu. Mimi, ambaye sijapata kumwona ngamia mwingine, nilidhani ndilo vazi la ngamia wote duniani, kama punda na matandiko yake. Jirani naye alimjua ngamia huyo huyo, basi wala hakushtuka.

Jumapili ya mwisho ya Majilio, baada ya ibada na chai, nikamwekea Bibi ngamia wangu mapajani. Vidole vikapita miguuni, vikapanda nunduni, vikashuka shingoni kwenye kamba, vikafika usoni. Vikasimama.

"Kafungwa macho?"

Kaka akaangua kicheko. "Ebo! Ngamia gani anafuata nyota naye kafungwa macho? Iko wapi hiyo Kitabuni? Jikoni huyo, kwa mwenzake!"

Baba akageukia dirishani, mabega yanamtikisika. Mama akaniambia nikifungue tu kitambaa, yaishe. Lakini nilikwisha kupandwa na hasira, na hasira yangu mimi haina adabu.

"Wanaoitazama nyota ni mamajusi!" nikapiga kelele. "Ngamia kazi yake kutembea! Ameshikwa kamba, anamwamini aliyemshika, na Bethlehemu atafika vile vile!"

Kumpigia Bibi kelele! Mama akanikata jicho, nikajua leo fimbo ninayo. Bibi alikuwa akikipapasa kile kitambaa, polepole, huku na huku. Ni mimi niliyemshika mkono kila Jumapili kumpeleka kanisani, nikimwambia hapa mtaro, hapa ngazi, hapa matope, Bibi, ruka.

"Basi huyu ndiye mimi," akasema. Akacheka, akacheka hadi machozi yakamtoka, na khanga ikamwanguka begani. Kisha akamgeukia kaka. "Mume wangu, nyamaza. Mke mwenzangu kanitengeneza mimi, na sisi vipofu Kitabuni tumo."

Jamani, furaha niliyoipata! Nikavuta kiti nipande hadi kileleni. Bibi akanidaka gauni.

"Unampeleka wapi? Huko juu nitamfikiaje? Mtundike hapa, mkono wangu ufike."

Nikamtundika kwenye tawi la chini kabisa, kando ya kiti chake, na kilele sikukitamani tena. Kila jioni alinyoosha mkono akamtafuta, akaishika ile kamba, akatabasamu peke yake. Asubuhi ya Krismasi kengele ya kanisa ilipolia, nilimkuta amekwisha vaa, kasimama mlangoni ananingoja mimi.

"Haya, majusi wangu," akasema, akaninyooshea mkono. "Shika kamba, twende."