Kikombe Kimoja kwa Watoto Wawili

Nilipokuwa mtoto, mama yangu aliitwa Mama Odette, na Odette ni mimi. Nilikuwa mtoto wa pekee, na jina langu lilisikika mtaa wetu mzima wa Naviundu kuanzia asubuhi: Mama Odette, una chumvi? Mama Odette, leo tunasali kwa nani? Nilizoea. Halafu wakazaliwa mapasa, ndivyo tunavyowaita mapacha huku kwetu Lubumbashi, na tangu siku walipotoka hospitalini hakuna aliyemwita tena mama kwa jina langu. Akawa Mama Mapasa. Hakuna aliyeniomba ruhusa, na ninavyoandika haya, mtu mzima mwenye nyumba yangu, bado nasikia hasira kidogo.

Walipewa majina ya mapasa, Kyungu wa kwanza na Kabange wa pili. Nkambo, yaani bibi yangu mzaa baba, alipanda treni kutoka Kabongo kuja kusaidia kuwalea, akaja na sheria zake. Mapasa si watoto kama wengine, alisema. Wanasikia yaliyo moyoni mwa mtu. Anayeingia nyumbani awasalimie wao kwanza, na akiwa na kitu mkononi, kiwe viwili vinavyofanana. Ukileta kimoja, umewagombanisha, na hasira yao huiangukia nyumba. Na mmoja wao akiugua bila sababu, ujue kuna mtu wa karibu anayewaonea wivu.

Basi watu walileta viwili viwili. Mikate miwili ya mafuta, bombo mbili, yaani peremende, soksi jozi mbili. Hata fundi wa baiskeli wa pale kona, mtu mchoyo anayejulikana, alikuja na ndizi mbili. Mimi nilisimama palepale nikiwatazama wakila, na wale watoto hawakuwa hata na adabu ya kumaliza. Siku moja nilimwuliza Nkambo kwa nini hakuna cha tatu.

"Weye ulizaliwa moja, Odette," alinijibu. "Mutoto ya moja haiko na matata."

Aliona amenisifu. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia.

Jirani yetu wa karibu alikuwa Mama Feza. Feza lilikuwa jina lake mwenyewe, si la mtoto, kwa sababu mtoto hakuwa naye. Mumewe alimwacha kwa sababu hiyo. Wanawake wa barabara yetu walimsalimia wakiwa wanatembea. Kati ya lupango yake, yaani kiwanja chake, na yetu kulikuwa na ukuta wa matofali uliobomoka mahali pamoja, na mtu mzima aliweza kuegemea hapo na kuzungumza.

Mama alikuwa kiongozi wa shirika letu, zile familia chache za Wakatoliki zinazokutana kila Jumatano jioni kusali, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Mama Feza hakuwa anasali popote. Sikumbuki mama akimhubiria hata mara moja. Alichofanya ni kwamba kila asubuhi, mapasa wakilia kwa pamoja na sufuria ikiwa motoni, alikwenda penye tundu la ukuta na kumpa mmoja wao. "Mama Feza, unishikie uyu kwanza." Basi. Miezi ilipita hivyo. Jumatano moja Mama Feza akaja kwenye sala, akakaa karibu na mlango. Wiki nyingine akaimba. Baba alipomwuliza mama alitumia maneno gani, mama alishangaa.

"Maneno gani? Niko na mikono mbili, batoto babili na sufuria. Nilitafuta muntu wa kunisaidia."

Nilimwonea wivu Mama Feza pia, niseme ukweli. Mimi hakuna aliyewahi kunipitisha juu ya ukuta.

Wakati mapasa walipoanza kutembea, Mama Feza alikuja kwetu na kikombe kipya cha bati chenye maua mekundu. Nkambo alikipokea, akakigeuza, akatazama mikono ya Mama Feza.

"Na ya pili?"

"Ni moja tu, Nkambo."

Nkambo alikiweka chini kando ya mbabula, jiko letu la makaa, wala hakumpa mtoto yeyote. Wiki hiyohiyo Kabange akashikwa na homa. Mama alimpeleka dispansari, wakasema palu, malaria hii yetu ya siku zote, wakampa dawa. Homa ikashuka, kisha ikapanda tena. Mtoto akakataa uji.

"Palu ni palu," Nkambo alisema. "Lakini nani aliiita?"

Kwa watu wa Nkambo dawa yake ilijulikana. Mwenye wivu huketi mbele ya bakuli la maji yaliyochanganywa na udongo mweupe, husema kwa sauti kila kilicho moyoni mwake, kisha huchukua maji hayo mdomoni na kuwapulizia watoto kichwani, na hapo amesafika. Akikataa, amejitaja mwenyewe kuwa mulozi, yaani mchawi. Nkambo alitaka Mama Feza aitwe peke yake, aseme, apulize, na baada ya hapo asikanyage tena kwetu. Baba alinyamaza, na kwa kawaida baba akinyamaza mbele ya mama yake, ameshakubali.

Nilikuwa nimeketi pale nikichambua sombe, majani ya muhogo, nayasikia yote. Na unajua niliumizwa na nini? Si na homa ya Kabange, Mungu anisamehe, wala si na Mama Feza. Niliumia kwa kuwa hakuna aliyenishuku mimi. Mimi ndiye niliyewaonea wivu watoto wale tangu siku ya kwanza, mchana na usiku, bila kupumzika, na hata katika hilo jirani alinipita.

Mama hakubishana na mama mkwe wake. Alisema tu kwamba Jumatano sala iko kwetu. Siku ilipofika, alilichukua bakuli la Nkambo, udongo wake ndani, akaliweka mezani kati ya msalaba na mshumaa. Papa Sylvain, msomaji wetu, mzee mwenye kupenda mambo yakae mahali pake, alilinyooshea kidole.

"Mama Mapasa, ii ni sala ao ni mambo ya bankambo, bazee ba zamani?"

"Ni maji, Papa Sylvain. Ikala tu," mama alisema, akimwonyesha kiti.

Watu waliketi, Mama Feza palepale pake karibu na mlango, akijua vizuri kabisa kwa nini macho yanamtafuta. Mtaa wetu hauna siri. Mama alisimama na Kabange begani.

"Nkambo anasema kuko wivu mu ii nyumba," alianza. "Nkambo anasema kweli. Mbele ya kuomba Mungu aponyeshe mutoto, kila muntu aseme yake. Mi njo wa kwanza. Mi niko na wivu ya Mama Feza. Analala usiku muzima. Na bantu banamwita na jina yake. Mi tangu nizae, jina yangu ilipotea. Nilikuwa Mama Odette, sasa Mama Mapasa. Ile jina mama yangu alinipa, kuko nani hapa anaijua?"

Wanawake walicheka kidogo, kisha wakaacha, kwa sababu kweli hakuna aliyelijua. Kumbe hata lile jina nililolilia, yeye kwake lilikuwa mzigo.

Papa Sylvain alikohoa, akasema anamwonea wivu jirani yake aliyechimba kisima, na kwamba akipita pale hutamani kukuta maji yamekauka. Mwingine akamtaja dada yake aliyejenga. Yalitoka mengi jioni ile, na nyumba ikaanza kuwa nyepesi. Kisha Mama Feza akasimama.

"Nkambo, mi niko na wivu. Haiko ya leo. Kila asubui akinipa mutoto, nasema mu roho: Mungu, babili ni mingi, unipe moja. Ile kikombe nilinunua ya mutoto moja. Nilikuwa nawaza ni wangu. Njo sababu haiko mbili."

Nilimwona mama akimvuta Kabange karibu na shingo yake. Alikuwa hajui, kama sisi wote tulivyokuwa hatujui. Nkambo alikuwa amepata alichokitaka, kimesemwa wazi mbele ya mashahidi, na angeweza kusimama akamwonyesha yule mwanamke mlango. Alisimama kweli. Lakini sheria yake ilisema kwamba aliyesema amesafika, na Nkambo hakuwa mtu wa kubadilisha sheria kwa sababu haikumpendeza. Alilichukua bakuli kwa mikono miwili akampelekea. Mama Feza alipuliza, Kyungu akacheka, Kabange akafumbua macho tu. Tukasali Baba Yetu, na bakuli likarudi mezani.

Mimi nilikuwa nyuma ya kiti cha baba na maneno yangu yote tayari, nimeyapanga tangu asubuhi. Hakuna aliyeniuliza.

Homa iliondoka siku chache baadaye. Mama alisema ni dawa, Nkambo alisema ni maji, na baba, ambaye hakupenda ugomvi, alisema ni vyote. Lakini asubuhi ile ya kwanza baada ya sala hakuna aliyekuwa anafikiri juu ya homa. Mwanamke amesema kwa mdomo wake kwamba anamtaka mtoto wako awe wake. Je, utampa tena amshike? Jirani wa kushoto alikuja kufagia upande wa ukuta ambao hajawahi kuufagia. Nkambo aliketi mlangoni, shuka mabegani.

Mama alitoka na Kabange, yule mgonjwa, akaenda moja kwa moja penye tundu la ukuta.

"Mama Feza, unishikie uyu kwanza."

Mama Feza hakunyoosha mikono. "Ulisikia mambo nilisema?"

"Nilisikia. Sufuria iko ku moto."

Akampa. Akageuka, akarudi jikoni. Nilingojea atazame nyuma hata mara moja, mtu yeyote angetazama, lakini hakutazama.

Nkambo aliniita kwa kidole. "Odette, enda kule. Angalia."

Nilikwenda mbio, nimefurahi kupata kazi. Mama Feza alikuwa ameketi kwenye kigoda, anamlisha Kabange uji kwa kijiko, taratibu, na Kabange anakula. Alinitazama, akajua.

"Nkambo alikutuma? Bon. Ikala." Alimfuta mtoto mdomo. "Jana bantu bakubwa balisema. Weye haukusema."

"Habakuniuliza."

"Mi nakuuliza."

Nikasema. Nilisema juu ya bombo na mikate, juu ya soksi, juu ya jina la mama. Nilisema kwamba namwonea wivu yeye pia, na kwamba niliumia walipomshuku yeye wakaniacha mimi. Aliposikia hilo la mwisho alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge. Hakuniambia kwamba wivu ni dhambi. Alinipa kikombe cha maji, nikajaza mashavu, nikampulizia Kabange kwa nguvu zangu zote, ikabidi tumbadilishe nguo. Kisha akafumba macho akasali sala fupi ambayo niliijua, kwa sababu ni ya mama, neno kwa neno, ile anayoisali akiwa amechoka: Mungu, umeona. Utusaidie. Nilikuwa nimeisikia mara nyingi, lakini siku ile ndipo nilipodhani kwamba inanihusu.

Mama Feza ndiye aliyenifundisha katekisimu baadaye, mimi na nusu ya watoto wa Naviundu. Nkambo alizikwa Kabongo kama alivyotaka. Kyungu anafanya kazi Kolwezi, Kabange yuko hapa mjini, na wakija pamoja kwangu majirani hutoka kuwatazama, na mimi, sijifichi, hutazama wamewaletea zawadi gani. Katika shirika letu huku ninakoishi sasa nasikia mara kwa mara swali lilelile: tuwavuteje jirani zetu? Mmoja anataka spika kubwa, mwingine anataka semina. Mimi hunyamaza, kwa sababu jibu ninalolijua linaniaibisha.

Nina mtoto mdogo sasa, na nina jirani ambaye hakubahatika kupata. Ni mwanamke mzuri. Tunaazimana chumvi, nimemkaribisha kwenye sala, anakuja. Asubuhi husimama getini kwake, mikono haina kazi, akimtazama binti yangu. Najua anachosema moyoni, nilikwisha kukisikia kikisemwa. Namsalimia vizuri sana, kisha namfunga mtoto mgongoni na kukaza kitenge. Nimewaonea wivu watu wengi maishani mwangu, na karibu wote nimewasamehe. Aliyebaki ni mama, siku ile, anarudi jikoni mikono mitupu, bila kutazama nyuma.